Huku jaji naye anaomba kura, ila haruhusiwi kukuahidi kitu

Haya wadau niaje huko, Bongo, Mombasa, Goma, na nyie wa Muscat mnaoniangalia usiku usiku nawaona. Mimi niko Houston, Texas, jua linachoma kama kawa, na mkiangalia nyuma yangu hapo kona mnaona vibango vimechomekwa kwenye majani, vingi hatari. Vya wabunge vipo, vya bodi ya shule vipo, lakini hebu soma hicho cha bluu cha katikati, jina la mtu halafu chini JUDGE. Ndio, jaji, anagombea, na mmoja wao keshafika mpaka kanisani kwetu na suti yake anapeana mikono.

Najua kuna mtu hapo keshasema huyu anatupiga kamba. Kwetu Bongo jaji wa Mahakama Kuu anateuliwa na Rais akishashauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, wewe unasikia tu kwenye taarifa ya habari majina yametoka, wanaapishwa, basi. Wakenya wao wanawahoji majaji mbele ya TV, Martha Koome 2021 kabla hajawa Jaji Mkuu wao kakaa pale anaulizwa maswali nchi nzima inamtazama. Texas hapana. Huku wakili akiona anautaka ujaji anachagua mahakama gani anaitaka, analipia fomu, anaingia kwenye kura za maoni za chama mwezi wa 3, Democrat au Republican, akipita anakutana na wa chama kingine Novemba. Muhula ukiisha, miaka 4 kwa hawa wa kaunti, anarudi tena kukuomba.

Sasa ninayotaka kuwaambia leo ni mahakama moja ambayo hata watu wa hapa hapa Houston ukiwauliza hawaijui. Kaunti ya Harris, hii iliyobeba Houston, ina watu karibu milioni 5, na ina mahakama 4 zinaitwa County Civil Courts at Law. Hawa hawahukumu wezi wala wauaji, ni madai tu, yale ya kawaida mwisho dola 250,000, piga hesabu mwenyewe kwa shilingi. Ukisikia hivyo unaona mambo madogo, si ndio? Ngoja.

Ukidaiwa kodi huku mwenye nyumba haji na hasira zake kukutolea makochi nje, anakupeleka kwanza kwa Justice of the Peace, huyo mchukulie kama hakimu wa mahakama ya mwanzo, na kichekesho ni kwamba yeye sheria haimlazimishi hata awe amesomea uwakili. Akisema utoke, una siku 5 za kukata rufaa, na rufaa inaenda wapi? Kwa huyu jaji wa vibango. Na kesi inaanza upya kabisa, ushahidi upya, kila kitu, kama ile ya kwanza haikuwepo. Ndugu zetu Wakongo waliojazana kwenye apatimenti za Gulfton huko kusini magharibi, mtu katoka kambini kaja na watoto watano, kazi ya kuku kiwandani imesimama mwezi mmoja, huyu jaji ndo mtu wa mwisho kati yake na barabarani.

Halafu ardhi. Watu wa Kimara mpaka Kiluvya kule Dar mnakumbuka 2017 nyumba zilivyopisha barabara, ile X nyekundu ukutani halafu katapila linakuja, sina haja ya kuwasimulia. Huku nako serikali inachukua, msidanganyike na picha za Instagram, barabara ya I-45 inapanuliwa na nyumba zaidi ya 1,000 ziko kwenye njia yake. Ila wakitaka kiwanja chako na hamjaelewana bei, iwe barabara, iwe bomba, iwe nguzo za umeme, kesi ndani ya Harris inafunguliwa kwenye hizo mahakama 4. Jaji anateua watu 3 wasiohusika, wakazi wa hapa wenye mali zao, wanakaa, wanasikiliza pande zote, wanasema hii fidia ni kiasi fulani, hujaridhika unapinga na mnaenda kusikilizwa mbele ya juri, raia wa kawaida kabisa ndo wanakadiria nyumba yako ina thamani gani. Mimi hapa nawapa maksi zao, kwa kweli.

Sasa kampeni. Nyie mmezoea mgombea anapanda jukwaani, nitaleta maji, nitaleta zahanati, nitaleta lami, na wali umepikwa. Huyu wa kwetu kanisani kapewa maiki dakika tatu, kasema amekuwa wakili miaka mingi, ana mke, anamwogopa Mungu, atakuwa fair kwa kila mtu. Mama mmoja wa Bukavu akanyoosha mkono, "Papa, wakikupatia hiyo kiti, utatusaidia namna gani na bei ya nyumba?" Jamaa akatafsiriwa, akatabasamu, akasema mama, samahani, hilo siruhusiwi kulijibu. Na ni kweli kabisa, maadili ya majaji Texas yanamkataza mgombea kuahidi ataamuaje kesi ambayo inaweza kuja mbele yake. Mama akamwangalia, "Sasa umekuja kufanya nini?" Kanisa zima kicheko, mpaka pasta.

Mimi nilicheka lakini yule mama kagusa penyewe. Kama hawezi kuahidi, mimi nachagua kwa kipi? Jibu la ukweli ni kwamba watu wengi wanachagua chama, au jina. Angalia 2018, Beto O'Rourke wa Democrat anagombea useneti, jimbo zima kashindwa lakini ndani ya Harris kapata kura kibao, na kipindi hicho ulikuwa unabonyeza mara moja tu unachagua chama chote juu mpaka chini, basi majaji wa Democrat wakafagia, wakiwemo wanawake weusi 17 kwa mpigo, historia ile. Nilifurahi, sifichi. Lakini majaji wa Republican waliotolewa siku ile wengine walikuwa wazuri tu, hawakukosea kitu, wamepeperushwa na upepo wa Beto ambaye hahusiani na kesi za kodi wala fidia.

Na hela zinatoka wapi? Nani mwingine anajua mahakama hizi zipo zaidi ya mawakili? Wao ndo wachangiaji wakubwa, haohao watakaosimama mbele yake kesho kutwa. Ukomo upo, kwa kaunti kubwa kama hii ni dola 5,000 mtu mmoja, na ripoti ziko wazi unaweza kusoma nani katoa nini. Sasa kwetu Bongo takrima, ile ya mgombea kuwakirimu wapiga kura, mahakama ilishaikataa 2006, huku ipo na risiti juu. Mimi hainikai vizuri, mnisamehe.

Ila ntawaambia kinachonifanya nisiutupe huu mfumo wote. 2022, mahakama namba 4 ya hizo hizo, kagombea wakili anaitwa Manpreet Monica Singh, kazaliwa na kukulia hapa Houston, kafanya uwakili miaka 20. Singasinga, hawa tunawajua toka enzi za reli. Kashinda, kaapishwa Januari 2023, mwanamke wa kwanza wa Kisikh kuwa jaji Marekani nzima. Hakusubiri mkubwa amuone, kajaza fomu tu. Kwenye uteuzi wa kujuana angengoja mpaka lini?

Kwa hiyo nyie wa Houston mliopata uraia, maana wenye green card hatuhesabiwi hapo, msiishie kwa gavana mkaondoka. Ile ya kubonyeza mara moja ilifutwa 2020, unapita nafasi moja moja na karatasi ya Harris ni ndefu kweli kweli, hawa majaji wako huko chini umeshachoka. Simu ndani hairuhusiwi kutumika, kwa hiyo andikeni majina kwenye kikaratasi nyumbani, hicho unaruhusiwa kuingia nacho. Pasta keshasema ataprinti listi ya wagombea wote wa pande zote mbili, bila kumpendelea mtu, mimi nasaidia kuweka Kiswahili. Haya naingia shifti, bosi asije akaniona hapa parking.