Hotuba Iliyovuka Mto Kagera

Mabibi na mabwana, wanafunzi wapendwa,

Tukitaja hotuba zilizobadilisha Uganda, wengi mtaanza na ile ya 29 Januari 1986. Pale kwenye ngazi za Bunge, hapa Kampala, Rais Museveni alisema hayakuwa mabadiliko ya zamu tu, bali mageuzi ya msingi. Ni hotuba nzito, sibishi. Lakini mji ulikuwa umeshatekwa. Mimi naitanguliza iliyotolewa kabla ya ushindi, tena nje ya Uganda: ya Mwalimu Nyerere, Dar es Salaam, 2 Novemba 1978.

Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera, ndani ya Tanzania, yakaua raia na kupora mifugo. Amin akatangaza kwamba eneo hilo ni la Uganda. Ndipo Mwalimu akasema: “Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo.”

Tazameni mpangilio huo. Wakili angetanguliza sababu. Yeye ametanguliza uwezo, ilhali askari wake wengi bado wako mbali na mpaka! Wananchi walioingiwa na hofu walihitaji kusikia hilo kwanza. Kisha kile kiitikio cha “kumpiga”: mkulima wa Bukoba anakikariri redio haijazimwa.

Kuna jambo linalonigusa zaidi. Amin mwenyewe alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wazee wetu wengi wakakijua kama lugha ya askari kwenye vizuizi vya barabarani. Wengine hadi leo wakikisikia wanashtuka, na siwalaumu. Kumbe lugha hiyohiyo, kutoka ng'ambo ya mto, ndiyo iliyotangaza vita vya kumng'oa.

Kampala ilianguka 11 Aprili 1979. Hapa napenda tuwe wakweli: sentensi zile tatu zinazungumzia kumpiga, hazizungumzii atakayetawala baadaye. Yusuf Lule, rais wa kwanza baada ya Amin, alikaa siku 68 tu. Binaisa aliyemfuata akaondolewa Mei 1980. Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, akarudi Desemba kwa uchaguzi uliobishaniwa, na mwaka uliofuata vita vya msituni vikaanza.

Sasa tusikilize rekodi yenyewe. Angalieni anapotua, kisha mniambie: je, kiongozi anayetangaza vita anawiwa na watu neno kuhusu amani itakayofuata?