Virusi Vimempa Mtoto Pumu, au Vimeikuta?

Swali halibadiliki: mtoto alilazwa na RSV, virusi vinavyoshambulia njia za hewa, akiwa na miezi 3, sasa ana miaka 7 na pumu juu. Virusi ndivyo vilivyomletea? Mnataka ndiyo au hapana. Subirini.

Tuanze na mrija wenyewe wa hewa kifuani. Ukinywea ukabaki nusu ya upana wake, ugumu wa kupitisha hewa hauongezeki mara 2, unaongezeka mara 16. Mtoto mchanga mirija yake ni myembamba tangu kuzaliwa. Virusi vikivimbisha kuta, kisha makamasi na seli zilizokufa zikaziba upenyo uliobaki, mafua yaleyale yanayompigisha kaka yake chafya yanamtoa yeye mluzi kifuani.

Sasa ugomvi wangu. Kule Tucson, Arizona, watafiti walipima mapafu ya watoto wachanga kabla hawajaugua kifua hata mara moja. Wale waliokuja kutoa mluzi wakiwa wadogo, kisha ukaisha wenyewe, mapafu yao yalikuwa na uwezo mdogo hata kabla ya kuugua. Virusi vilikuta nyumba ina ufa. Najua atakayesema, "Wangu alikuwa mzima kabisa!" Mzima kwa macho, sawa. Mapafu ulimpima?

Uholanzi nako, watoto njiti walikingwa RSV kwa palivizumabu, sindano ya kingamwili. Siku za mluzi mwaka wa kwanza zikapungua kwa zaidi ya nusu. Walipofika miaka 6 wazazi wao waliripoti pumu kidogo kuliko wengine, lakini kipimo cha kupuliza hakikuwatofautisha na wenzao. Basi kinga ni ya thamani, mtoto asilazwe akihangaika kupumua. Msiiuze kama chanjo ya pumu.

Halafu kila mtu RSV, RSV! Rinovirusi, wa mafua ya kawaida, mmemwacha wapi? Wisconsin, Marekani, walifuatilia watoto wa wazazi wenye mzio au pumu. Aliyetoa mluzi kwa rinovirusi ndani ya miaka 3 ya mwanzo, uwezekano wake wa kuwa na pumu akiwa na miaka 6 ulikaribia mara 10. Kwa RSV, kama mara 2 na nusu. Kwa hiyo ulizeni: ana ukurutu? Mzazi ana pumu? Hutoa mluzi hata asipokuwa na mafua, akicheka au akikimbia? Andikeni tarehe ya kila mluzi, maana "huwa anabanwa" haimsaidii daktari.

Muda unaniishia. Kuhesabu pumzi: mtoto ametulia, fulana juu, dakika 1 nzima. Msihesabu sekunde 15 mkazidisha kwa 4, mchanga hupumua kwa kusitasita. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Mwaka 1 hadi 5, ni 40. Kifua kikibonyea ndani, akishindwa kunyonya au midomo ikigeuka bluu, hospitali, msimalizie hesabu. Antibiotiki haziui virusi, na hili nimechoka kulisema. Moshi wa sigara? Nje, na shati mbadilishe kabla ya kumbeba.