Kidole Kwanza, Picha Baadaye: Mhadhara kwa Wanaoanza Brashi ya Hewa

Mafundi wenzangu, na nyinyi mnaotaka kuwa mafundi, hamjambo.

Naona wengi mmekuja na picha kwenye simu. Kuna mwenye simba, kuna mwenye Bob Marley, na kuna kijana aliyeniambia pale mlangoni kwamba kufikia Ijumaa anataka awe amechora nyuma ya matatu ya mjomba wake. Mjomba huyo namhurumia. Leo hatuchori sura ya mtu yeyote. Leo nazungumzia kidole cha shahada, maana kazi yote ya brashi ya hewa, hiki kifaa kidogo kama kalamu kinachopuliza rangi kwa hewa iliyobanwa, imelala hapo. Aliyeshindwa hapo hatasaidiwa na rangi ya bei ghali.

Chombo chenyewe kina umri. Mmarekani Francis Edgar Stanley, ambaye baadaye alitengeneza magari ya mvuke pamoja na pacha wake, alipata hataza ya kifaa cha kupulizia rangi mwaka 1876. Abner Peeler wa Iowa akabuni chake 1879, na katika miaka ya 1890 Charles Burdick akaleta kile ambacho hewa na rangi hukutana ndani ya kichwa chake, ndicho babu wa hiki nilichoshika. Siku hizo kilitumika sana kurekebisha picha za kamera: kulainisha shavu, kufifisha ukuta wa nyuma. Kilipendwa kwa kuwa hakiachi alama ya unywele wa brashi. Kivuli kinaingia kwenye mwanga na huoni kilipoanzia. Ndiyo sababu mafundi wa nganya, zile matatu zilizopambwa kwa michoro, hapa Nairobi huachia bunduki kubwa ya rangi ya gereji ubavu wa gari, na sura za wasanii wakazifanya kwa hiki kidogo.

Sasa angalieni kitufe. Brashi hii ni ya vitendo viwili. Ukibonyeza chini, hewa inatoka. Ukivuta nyuma, sindano iliyo ndani inayoziba mdomo inarudi, mdomo unafunguka, rangi inafuata. Tundu la mdomo kwa brashi ya kuanzia ni kama milimita 0.3, kwa hiyo ukivuta kidole kidogo tu mstari unabadilika.

Mpangilio ni huu, na nitaurudia mpaka mnichukie. Bonyeza: hewa tupu. Sogeza mkono. Vuta: rangi itoke mkono ukiwa tayari unatembea. Ukikaribia mwisho, rudisha kitufe mbele, rangi ikatike, mkono ungali unakwenda. Hewa iachie mwisho kabisa. Ukivuta kabla mkono haujasogea, mstari unaanza na nundu. Ukiachia kila kitu kwa ghafla, rangi inabaki kwenye ncha ya sindano, na utakapobonyeza tena itaruka tone zito, tena litue kwenye jicho ulilolihangaikia asubuhi nzima.

Mazoezi fanyeni kwenye gazeti la zamani. Weka nukta, safu nzima, zote za ukubwa mmoja. Kisha unganisha nukta kwa mistari. Kisha ule mstari ninaoupenda kuliko yote: unaanza mnene na hafifu, unaishia mwembamba na mkolevu. Unauanza brashi ikiwa mbali kidogo na karatasi, unaishusha huku ukirudisha kitufe taratibu, na unamaliza karibu kugusa. Nywele, kope, manyoya ya yule simba wako, yote ni mstari huo. Anayeweza kuupiga mara kumi mfululizo bila kuharibu mmoja, huyo nitamruhusu achore mpira wenye kivuli. Mpira, si Bob Marley.

Rangi iwe nyepesi kama maziwa. Tikisa kikombe: ikipanda ukutani ishuke na kuacha utando mwembamba. Ikiwa nzito inatoka kwa kukohoa, vinukta vinukta. Ikiwa nyepesi mno na presha ni kubwa, hewa inaisukuma kando na unapata miguu ya buibui kwenye karatasi. Anzeni na geji, kile kipimo cha presha ya hewa, ikisoma PSI 20 hadi 25. Ukitaka mstari mwembamba zaidi, ongeza maji au thina kidogo na ushushe presha; viwili hivyo huenda pamoja. Na rangi za akriliki hukauka kwenye ncha ya sindano, hasa mchana wa jua kali. Ukiona unavuta na kuvuta na rangi haiji, usiongeze presha. Pangusa ncha kwa pamba yenye maji, kwa upole, maana sindano ikipinda, hata kidogo usichokiona kwa macho, mstari hautanyooka tena.

Nyeupe ina ukorofi wake. Ukiipuliza hafifu juu ya nyeusi inageuka samawati, na shavu la mtu linafanana na la maiti. Tia tone la manjano au kahawia ndani yake, au pitisha rangi hiyo juu, nyepesi, baadaye.

Kompresa, kwa kifupi. Ya gereji inafaa mradi iwe na kidhibiti cha presha. Wapo wanaotumia ya friji kuukuu. Haina kelele, ila hutema mafuta, na mafuta yakifika kwenye kazi rangi inakimbia na kuacha vijishimo. Walio Mombasa na Dar es Salaam wana tatizo la maji: hewa ikibanwa inapata joto, ikipoa inaacha unyevu tangini. Weka chujio, na fungua koki ya chini kila jioni.

Hapa sitanii. Ile kliya ya magari, rangi ya mwisho isiyo na rangi inayoleta mng'ao, inayochanganywa na hadina ya kuigandisha, huwa na kemikali iitwayo isosayaneti, inayoweza kukupa pumu ya maisha. Leso uliyofunga puani haizuii chochote, na barakoa ya hospitali vilevile. Usidhani utanusa hatari kwanza. Inaweza kukudhuru kabla hujasikia harufu. Kama huna kinyago chenye hewa yake na chumba cha kupulizia, mwachie kazi hiyo aliye navyo, umlipe.

Mama mmoja ameuliza kama kuna riziki nje ya matatu. Ipo: keki, kwa rangi za kuliwa na brashi isiyowahi kuguswa na thina, helmeti za bodaboda, fulana. Kazi ya matatu ina misimu. Wenye umri wangu wanakumbuka Februari 2004, kanuni za matatu za Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilipoanza kutekelezwa, mstari wa manjano ukachukua nafasi ya michoro. Aliyejua sura za matatu tu alipata taabu. Mwenye kidole alihamia penye kazi.

Haya, magazeti yako mezani, kompresa imejaa. Wawili wawili kwa kila brashi, mmoja apige nukta, mwenzake atazame kidole. Simu mifukoni.