Mguu wa Kulia Unapojifunza Upya: Mazungumzo Kuhusu Gari la Umeme na Breki Inayorudisha Chaji

ZUHURA: Msikilizaji, karibu tena katika kipindi chetu. Mimi ni Zuhura, na mkabala wangu ameketi kaka Baraka, ambaye ameendesha magari ya gia za mkono kwa zaidi ya miaka ishirini na ambaye mpaka leo hajashika usukani wa gari la umeme. Mimi ninalo kwa miezi minane sasa, Nissan Leaf ya mwaka 2018 iliyoletwa Kenya kutoka Japani ikiwa imekwisha kutumika, na leo nataka tuzungumzie kitu kimoja tu ndani ya gari hilo, nacho ni mguu wa kulia wa dereva.

BARAKA: Ahsante, dada Zuhura. Wiki iliyopita uliponichukua kutoka Westlands mpaka Ngong Road, niliutazama mguu wako kuliko nilivyoitazama barabara. Tulipita taa kadhaa za barabarani, tukasimama na kuondoka, na sikukuona ukigusa breki hata mara moja. Mimi niliyekaa upande wa abiria ndiye niliyekuwa nikikanyaga sakafu kila tulipoikaribia taa nyekundu. Nieleze basi, gari lilikuwa linasimamishwa na nini?

ZUHURA: Lilikuwa linasimamishwa na mota yenyewe. Mota ya umeme ukiipa umeme inazungusha magurudumu, na magurudumu yakiizungusha inatoa umeme. Ninapoachilia pedeli ya mafuta, na naomba radhi kwa kuiita hivyo kwa sababu gari halina hata tone la mafuta lakini ulimi haujapata jina jingine, mota inaacha kulisukuma gari na badala yake inazungushwa na mwendo wa gari. Kule kuzungushwa kunahitaji nguvu, nguvu hiyo inatolewa kwenye mwendo, kwa hiyo kasi inapungua, na umeme unaopatikana unarudi kwenye betri. Breki tulizozizoea zinaubana mwendo kwa pedi na diski mpaka ugeuke joto, na joto hilo linapotea hewani bila faida yoyote.

BARAKA: Basi si jambo geni kabisa kwangu. Ninaposhuka mteremko wa Mai Mahiu, ule wa kuingia Bonde la Ufa, ninaweka gia ya pili na kuiacha injini ilizuie gari, kwa sababu dereva anayeshuka pale kwa breki tupu atafika chini pedi zikinuka.

ZUHURA: Ndugu yake ni huyo huyo, ila injini yako inalizuia gari bila kurudisha hata kijiko cha petroli kwenye tangi. Tena katika gari langu kuna swichi ya mfumo unaoitwa e-Pedal, ambao Nissan waliuleta mwaka 2017 pamoja na toleo la pili la Leaf. Ukiuwasha, kuachilia pedeli kunalipunguza gari kasi ya kilomita 7 hivi kwa saa katika kila sekunde, na mwishowe linasimama kabisa na kubaki limeshikwa hata kama liko kwenye mlima. Ukiwa na kasi ya kilomita 50 kwa saa ukauondoa mguu wote, utasimama baada ya sekunde saba, ukiwa umekwenda karibu mita 50. Hizo si breki za dharura, lakini si kuteleza pia, na hapo ndipo mazoea yangu ya miaka yote yalipovurugika.

BARAKA: Yalivurugika vipi?

ZUHURA: Juma la kwanza mama alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Mombasa, na tulikuwa tunawapelekea ndugu zetu wa Eastleigh chakula cha asubuhi. Alikaa kiti cha nyuma, amepakata sufuria ya mbaazi za nazi, na bahasha ya mahamri iko pembeni. Mbele yetu matatu ikasimama ghafla kushusha abiria, nami nikafanya kile ambacho mguu wangu umekifanya maisha yote, yaani nikauinua wote kutoka kwenye mafuta ili niuhamishie kwenye breki. Kabla haujafika kwenye breki, gari lilikuwa limekwisha kujishika lenyewe, na nilipoikanyaga breki juu yake, mfuniko ukaruka na tui likamwagika magotini mwa mama mpaka kwenye mkeka wa miguu. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, gari lako linasita kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka." Maneno yale yamenifundisha zaidi ya kitabu kilichokuja na gari, kwa sababu kweli lilikuwa linasita, na aliyelisitisha ni mimi.

BARAKA: Nami nakumbuka tumbo langu halikutulia vizuri siku ile uliponichukua Westlands, ingawa ulikuwa unaendesha kwa utaratibu.

ZUHURA: Pole sana. Abiria wengi wa magari haya wanalalamika kichefuchefu, na mara nyingi chanzo chake ni dereva anayeachilia na kukanyaga, akaachilia na kukanyaga, mpaka vichwa vya watu vikawa vinakwenda mbele na nyuma. Katika gari la petroli pedeli ina maana mbili, yaani kukanyaga ni kwenda na kuachilia ni kupumzika. Katika gari hili pedeli ina ngazi tatu: sehemu ya chini ni kwenda, sehemu ya juu ni kufunga breki, na katikati kuna mahali pembamba ambapo gari haliendi kwa nguvu wala halizuiwi, bali linateleza tu. Dereva mpya hapajui mahali pale. Kazi yote ya wiki mbili tatu za kwanza ni mguu kupatafuta, kupazoea na kuweza kukaa pale bila kuambiwa.

BARAKA: Mtu anapatafutaje?

ZUHURA: Mimi nilikwenda Jumapili asubuhi mapema kwenye eneo la maegesho lililokuwa tupu. Nilichagua mstari mweupe sakafuni, nikaja kwa kasi ya kilomita 30, nikajaribu kulisimamisha gari gurudumu la mbele likiwa juu ya mstari bila kugusa breki. Mara za mwanzo nilisimama mbali kabla ya mstari, kwa sababu niliachilia mguu wote kwa pamoja. Kisha nikagundua kwamba kisigino kinatakiwa kibaki sakafuni, kisinyanyuke hata kidogo, na vidole ndivyo virudi nyuma taratibu, kama mtu anayelegeza kamba ya ndoo inayoshuka kisimani. Ukiilegeza kamba yote ndoo inaanguka, na ukiishika mno haishuki. Baada ya nusu saa nilikuwa ninasimama karibu na mstari, na baada ya Jumapili tatu nilikuwa ninasimama juu yake.

BARAKA: Hilo nimelielewa, lakini kuna jambo linanitia wasiwasi kwa niaba ya aliye nyuma yako. Mwenye bodaboda anayekufuata Nairobi hakutazami wewe, anatazama taa zako nyekundu. Kama hukugusa breki, atajuaje kwamba unasimama?

ZUHURA: Swali hili nililiuliza siku ya kwanza, kwa sababu nilikuwa na hofu hiyo hiyo. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu breki za magari madogo zinasema kwamba gari linalopunguza kasi kwa njia hii lazima liwashe taa za breki pale upungufu unapozidi mita 1.3 kwa sekunde katika kila sekunde, na kwamba chini ya mita 0.7 lisiziwashe. Ukiachilia mguu wote katika e-Pedal unaukaribia upungufu wa mita 2, kwa hiyo taa zinawaka. Hata hivyo sikutosheka na karatasi. Usiku mmoja nilirudi nyuma mpaka karibu na kioo cha duka lililofungwa, nikaenda mbele mita chache kwa kasi na kuachilia, huku nikitazama kioo cha ndani ya gari, na niliuona wekundu ukitanda kwenye kioo cha duka. Namshauri kila mwenye gari la namna hii alifanyie gari lake jaribio hilo, kwa kuwa magari hayafanani, na ukiachilia kwa upole sana taa zinaweza zisiwake.

BARAKA: Kwa hiyo kuachilia mafuta kumekuwa ni kufunga breki.

ZUHURA: Ndivyo, na ndiyo sababu nimejilazimisha kutazama kioo cha nyuma kabla ya kuachilia, kama vile mwalimu wa udereva alivyotufundisha kutazama kioo kabla ya kufunga breki. Katika gari la petroli mtu anainua mguu bila kufikiri, labda kwa sababu amemwona rafiki kando ya njia. Ukifanya hivyo katika gari hili, mwenye bodaboda aliyekuwa mita tatu nyuma yako atakuwa kwenye buti lako.

BARAKA: Turudi kwenye mteremko wa Mai Mahiu. Je, betri inajazwa kweli na mteremko ule, au ni maneno ya wauzaji?

ZUHURA: Tufanye hesabu. Gari la kilo 1,600 likishuka mita 500 linatoa nishati ya zaidi kidogo ya kilowati-saa 2. Ondoa inayoliwa na tairi na upepo, ondoa inayopotea katika mota na betri, na kitakachobaki ni kama nusu, yaani kilowati-saa 1, ambayo inanipeleka kilomita 6 hivi kwenye tambarare. Si ya kujaza betri, lakini ni kilomita 6 ambazo gari la petroli lingezichoma kwenye pedi. Faida kubwa zaidi kwangu ni kwamba nafika chini breki zangu zikiwa baridi, nikiwa ninazihitaji hasa, kwa sababu ya malori yanayotambaa pale karibu na lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942.

BARAKA: Na hapo hakuna hatari yoyote?

ZUHURA: Ipo, na nataka kila msikilizaji aishike. Nililala kwa shangazi yangu Limuru, nikalichaji gari usiku kucha mpaka asilimia 100, kisha asubuhi nikaelekea Naivasha. Siku hiyo nilikuwa nimezima e-Pedal na kutumia gia ya B, ambayo hulizuia gari kwa mota kwa nguvu kuliko gia ya D, ile ya kuendea kawaida. Nilipoanza kushuka niliachilia mguu kama kawaida, na gari likaenda tu. Sikusikia ule mkono unaolivuta nyuma. Betri iliyojaa haina pa kuupokea umeme, kwa hiyo gari linaupunguza au kuukataa kabisa. Breki za kawaida zilikuwapo na zilinishika vizuri, lakini kwa sekunde moja mguu wangu ulitafuta kitu ambacho hakikuwapo, na sekunde moja pale kwenye ukingo wa Bonde la Ufa ni ndefu mno. Tangu siku ile, nikijua kwamba safari inaanza na mteremko, naacha kuchaji kwenye asilimia 85 au 90. E-Pedal ikiwa imewashwa inaziba pengo hilo kwa kuzitumia breki za kawaida yenyewe, lakini hapo hazirudishi kitu na zinapata moto kama za kwako.

BARAKA: Kwenye barabara ndefu iliyonyooka unaendeshaje? Nasikia wengine wanaachilia na kukanyaga makusudi ili wakusanye umeme.

ZUHURA: Wanajipunja. Umeme unaorudi ni mdogo siku zote kuliko ule uliotumika kuupata mwendo, kwa sababu umepita kwenye mota na betri mara mbili, kwenda na kurudi. Kwenye njia kuu kilicho bora ni kukaa mahali pale pembamba pa katikati, gari liteleze, na kuiona foleni mapema ili usihitaji kuzuia chochote. Jambo hili linapendeza kuliko yote, kwa sababu limenifanya nitazame mbali. Zamani nilikuwa natazama bampa la gari lililo mbele yangu, na sasa natazama la tano kutoka kwangu.

BARAKA: Na pedi za breki zitakaa miaka mingi, bila shaka.

ZUHURA: Zinakaa, ila diski zisizosuguliwa zinashika kutu, hasa wakati wa mvua, na kwa watu wa kwetu Pwani chumvi ya bahari inaharakisha mambo. Mara moja kwa wiki, mahali penye usalama, naiweka gia huru ili mota isishiriki, kisha nafunga breki za kawaida kwa nguvu kiasi mara kadhaa. Mafuta ya breki nayo yanazeeka hata kama hayatumiki, kwa hiyo fundi asiambiwe ayaache kwa sababu gari ni la umeme.

BARAKA: Lililobaki moyoni mwangu ni hili: ukipanda tena gari la petroli, mguu unakumbuka?

ZUHURA: Mara ya kwanza haukukumbuka. Niliendesha gari la mume wangu, nikafika kwenye mzunguko, nikaachilia mafuta na kungoja lisimame. Halikusimama. Nilikanyaga breki nikiwa nimebakiza kama urefu wa mkono kufikia gari la mbele, na niliegesha kando mpaka moyo ukatulia. Sasa, gari lolote ninaloingia, kabla ya kulitoa mahali lilipo naupeleka mguu kwenye breki mara tatu, ili ujue breki iko wapi leo. Na hata katika gari langu siku moja moja nazima e-Pedal na kuendesha kwa pedeli zote mbili, kwa sababu siku mtoto atakaporuka barabarani, mita 50 za kusimama hazitatosha, na mguu uliosahau breki utachelewa.

BARAKA: Basi Jumapili ijayo nipeleke kwenye ule mstari mweupe, nami nijaribu.

ZUHURA: Tukutane saa moja asubuhi, kabla magari hayajaingia. Njoo na raba zenye soli nyembamba, kaka Baraka, uweze kuisikia pedeli chini ya vidole. Makubadhi yaache nyumbani.