Unakuja England? Hicho kisu kitoe kwenye begi

Haya jamani habari zenu, poleni na majukumu, leo hakuna muziki hakuna mapambo, nimetoka shifti ya usiku nimekaa hapa jikoni naongea na nyie sababu kuna dogo kaniandikia inboksi, anakuja England kusoma, ananiuliza kaka kisu gani kizuri cha kutembea nacho huko maana nasikia vijana wanachomana visu mitaani.

Mdogo wangu, hakuna. Sheria ya huku ya mwaka 1988 inasema ukikutwa hadharani na kitu chenye makali au ncha bila sababu ya msingi ni kosa la jinai, kifungo kinafika miaka 4. Na hapa sikiliza vizuri, "nimekibeba kujilinda" siyo sababu ya msingi, ukimwambia polisi hivyo umejimaliza mwenyewe maana umeshakiri kisu ni cha kumchoma mtu. Kinachoruhusiwa ni kale kakisu ka kukunja, makali yasizidi inchi 3 na kasiwe na loki. Kakiwa na loki, kale ambako mpaka ubonyeze ndiyo kajikunje, mahakamani kanahesabiwa kama kisu kingine chochote. Na hata hako kadogo ukikabeba kwa nia ya kumuumiza mtu ni kosa vilevile.

Niwaambie kilichompata jamaa yangu. Anafanya kazi ghalani, kutwa anakata maboksi, kisu chake anakitumbukiza mfuko wa jaketi, lile lenye zipu iliyokatika. Jumamosi hana kazi, kavaa jaketi lilelile katoka, polisi wakamsimamisha wakamsachi, kisu kikatoka. Akasema ni cha kazini. Wakamuuliza leo uko kazini? Akasema nilikisahau. Kusahau peke yake hakukubaliki kama sababu, nimeona mtu mzima mwenye watoto watatu analia kwenye ngazi za nyumba yangu, anashika mfuko ule mtupu anaurudia rudia, anawaza viza yake. Yaani sikulala siku ile.

Haya tuseme sheria hakuna kabisa. Bado nisingekuchagulia. Kisu kinataka umsogelee mtu mpaka akufikie kwa mkono, na yeye anaweza kuwa na chake, anaweza kukunyang'anya hichohicho. Hofu ikikupanda vidole vinakufa ganzi, kufungua kakisu ka kukunja inakuwa kazi, kasipokuwa na loki ukichoma kanajikunja juu ya vidole vyako mwenyewe, na mpini usiokuwa na kizuizi mkono ukilowa jasho au damu unateleza moja kwa moja kwenye makali. Watu wanafikiri ni kama kwenye muvi, siyo!

Dada zangu mnaoniuliza dawa ya kupuliza machoni, ile nayo hapa imewekwa kwenye sheria ya silaha za moto ya 1968, msije nayo. Mimi mke wangu nimemnunulia alamu, hii hapa mnaiona, ndogo kama kiberiti ananing'iniza na funguo, ukivuta hiki kipini inalia mpaka masikio yanauma, inaruhusiwa kabisa. Anaishika mkononi kabla hajashuka kwenye basi, hasubiri mpaka aanze kupekua pochi gizani. Vibaka wakitaka simu wape, wakitaka pochi wape, kimbilia kwenye taa na watu.

Na kingine hiki tafadhali kishikeni. Ukimkuta mtu kachomwa na kisu kimebaki mwilini USIKICHOMOE, kinaziba damu, bana kwa nguvu pembeni yake. Kama hakipo, kandamiza jeraha lenyewe kwa nguo safi, ukiona imelowa ongeza nyingine juu usiitoe ya kwanza, usiachie, na mwenzako apige 999, namba ya dharura ya huku. Damu ikitoka kwenye mshipa mkubwa wa paja dakika chache tu ni nyingi mno.

Kwa hiyo dogo wa inboksi, cha kupikia utanunua ukifika, uwe umetimiza miaka 18 maana chini ya hapo hawakuuzii, kiache ndani ya kifungashio chake, risiti weka, usipite popote, peleka nyumbani weka droo ya jikoni. Ukitua niandikie, nitakuja kukupokea mimi mwenyewe.