Fildi Yako Inaweza Kuanzia kwenye Dimbwi la Mtaani

Wazazi mnaotazama, shikamooni. Wadogo zangu mnaosoma baiolojia, famasia na sayansi za maabara hapo Dar es Salaam, habari za masomo? Nazungumza nanyi kutoka Leipzig, Ujerumani, ninakofanya kazi ya maabara, na leo nina neno moja tu kuhusu mafunzo kwa vitendo, yaani fildi.

Siku ya usaili wangu huku hakuna aliyeniuliza alama za mtihani. Niliulizwa nimewahi kufanya nini kwa mikono yangu, na kilipoharibika nilifanyaje. Hatua za kutenganisha vinasaba nilizieleza bila kusita, lakini nilipokabidhiwa pipeti, kifaa cha kufyonzea na kupimia kimiminika, mkono ulitetemeka, kwa sababu chuoni tulikuwa wengi kwa kifaa kimoja. Mmoja alishika, sisi wengine tulinakili matokeo yake.

Kwa hiyo nawaomba msisubiri mashine. Anzeni na viluwiluwi vya mbu. Tafuteni dimbwi la maji ya mvua linalopigwa na jua, kisha mtaro wa maji machafu, mchote kwa upawa na kumimina katika bakuli jeupe. Viluwiluwi vya Anofelesi, mbu wanaoeneza malaria, hulala sambamba na uso wa maji kwa kuwa havina mrija wa kupumulia, ilhali vya Kuleksi, aina nyingine ya mbu, huning'inia kichwa chini, mrija ukiwa umegusa uso wa maji. Vihesabuni, mwandike tarehe, mahali na hali ya maji, kisha mrudi wiki inayofuata saa ileile. Vaeni glavu na viatu vya mpira, ombeni ruhusa ya mwenye eneo, wala msivifuge nyumbani hadi viwe mbu.

Hii ni kazi ya kisayansi hasa. Mpango wa kudhibiti malaria jijini Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2004, uliwategemea wakazi wa mitaa waliokagua mazalia kama hayo kila wiki, na baadaye kuweka dawa ya kuua viluwiluwi.

Anayependa bahari anayo TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, pale Kunduchi, na mikoko haiko mbali. Anayependa mimea anayo TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kituo cha Mikocheni, ambako watafiti wameshughulikia batobato na michirizi ya kahawia ya muhogo, magonjwa ya virusi yanayoenezwa na inzi weupe.

Najua wapo wanaopata nafasi ya fildi wakaishia kutoa fotokopi na kubeba mafaili, tena kwa nauli ya mzazi, na jambo hilo linaniuma. Ndiyo maana barua yenu isiishie kwenye «naomba nafasi». Tajeni kazi mnayoweza kuifanya na mnayotaka kujifunza, muipeleke miezi kadhaa kabla ya likizo, na muambatanishe kurasa mbili za daftari la viluwiluwi. Msizinakili upya ili zipendeze. Palipo na kosa, pigeni mstari mmoja juu yake ili liendelee kusomeka, mwandike lililo sahihi pembeni, pamoja na tarehe ya masahihisho.