Kufuga yavuyavu wa Tanganyika katika tangi la lita 14

Karibuni, ndugu watazamaji. Leo nitawaonyesha, hapa nyumbani kwangu Bukavu, namna ninavyowafuga hawa viumbe mnaowaona nyuma yangu wakipanda na kushuka kama miavuli isiyo na mpini. Kwa Kiswahili wanaitwa yavuyavu, ingawa wengi wetu tuliwajua kwanza kwa jina la meduza kutokana na Kifaransa cha shuleni. Hawa si wa baharini. Wanatoka Ziwa Tanganyika, upande wa Uvira, na hakuna anayezidi upana wa kifuniko cha chupa ya soda. Sumu yao ni ya kuulia vijidudu tu. Nimetia mkono humu mara nyingi wala sijawahi kuwashwa.

Tuanze na tangi. Hili ni la kioo, lina urefu wa sentimita 30, upana wa 20 na kimo cha 30. Kuliosha mnajua wenyewe: maji matupu, sabuni hapana. Shida ya tangi la kawaida ni pembe zake. Yavuyavu hana nguvu ya kushindana na maji, kwa hiyo akisukumwa kwenye pembe hukaa huko akijikwaruza mpaka mwavuli unachanika. Tunachotaka ni sakafu ya mviringo, ambayo maji yatazunguka juu yake bila kusimama mahali popote.

Nachukua bamba hili la plastiki angavu lenye unene wa milimita moja. Ili likae kama nusu duara ndani ya tangi, urefu wake unapaswa kuwa nusu ya mzingo, yaani 30 mara 3.14, kisha mnagawa kwa mbili, mnapata sentimita 47. Upana nimekata 19 na nusu, kisha kingo zote mbili nimezipaka silikoni nyembamba na kuiacha ikauke, ili bamba libane kioo pasipo kuacha mwanya. Mimi huuza mabamba haya yakiwa yamekatwa tayari, wala sifichi kwamba ni sehemu ya sababu ya kutengeneza video hii. Lakini mwenye msumeno mdogo na subira atajikatia mwenyewe, na silikoni ataipata katika soko la Kadutu.

Bamba likishakunjwa na kushushwa, hubaki nafasi mbili za pembetatu chini yake, moja kulia na nyingine kushoto. Pampu ndogo inalala kulia, kipasha maji kinalala kushoto. Juu ya kila nafasi nimekata dirisha katika bamba na kuligandishia wavu laini, ili maji yapite na yavuyavu asipite. Dirisha liwe kubwa. Likiwa dogo, pampu itavuta kwa nguvu mahali pamoja, na asubuhi mtamkuta mnyama wenu amebandikwa kwenye wavu kama stempu. Mpira wa pampu unapanda pembeni hadi juu, unaishia kwenye kibomba chenye matundu madogo kinachotelemsha maji taratibu kando ya ukuta wa kioo.

Silikoni ya wavu iachwe ikauke siku mbili. Wakati tunasubiri, niseme neno moja kuhusu hawa wageni wetu. Mzungu wa kwanza kuwaandika ni Mjerumani Richard Böhm, aliyewaona Tanganyika mwaka 1883 na kufariki Katanga mwaka uliofuata. Wataalamu wa Ulaya walishangaa sana kusikia habari za yavuyavu katika ziwa lililo mbali hivyo na bahari, hata Mwingereza J. E. S. Moore akashikilia kwamba Tanganyika liliwahi kuungana na bahari. Dhana hiyo iliachwa baadaye, lakini mimi bado nampenda kwa ujasiri wake.

Sasa maji. Maji ya Tanganyika yana magadi, pH yake inakaribia 9, kwa hiyo maji ya mvua hayafai, na ya bomba yenye klorini ndiyo kabisa hayafai. Mimi hupandisha mabidoni mawili ya lita 20 kutoka Uvira pamoja na wanyama wenyewe, nikayafunika kivulini. Najaza mpaka maji yafike sentimita 27 kutoka chini, ambayo ni lita 14 hivi juu ya bamba. Kipasha maji nakiweka nyuzi 25, kwa sababu Uvira iko chini sana kuliko Bukavu na maji ya huko hayajui baridi ya usiku wetu.

Sikilizeni sasa, kwa maana hapa ndipo nilipoharibu. Adui wa yavuyavu ni hewa. Tone la hewa likiingia chini ya mwavuli halitoki. Humwinua mnyama hadi juu, humkausha, na mara nyingine humtoboa. Kwa sababu hiyo hakuna pampu ya mapovu katika tangi hili, na kibomba cha maji kinapaswa kuzama chote, kisirushe maji kutoka juu. Safari yangu ya kwanza nilifika kutoka Uvira usiku, nimechoka na kona za mlima wa Ngomo, nikafungua mfuko na kuwamwaga yavuyavu wanne ndani ya tangi kama mtu anayemwaga sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, kwenye beseni. Asubuhi wote wanne walikuwa wanaelea, kila mmoja ana lulu ya hewa tumboni.

Basi fanyeni hivi. Kule ziwani, mchoteni mnyama kwa chupa yenye mdomo mpana, msitumie wavu hata kidogo, kisha ifungeni chupa ikiwa ingali chini ya maji, imejaa pomoni. Katika chupa isiyo na hewa, maji hayatikisiki njiani. Hapa nyumbani, iacheni chupa ielee kwenye tangi kwa nusu saa ili joto lilingane, izamisheni yote, na mfungue kifuniko chini ya maji. Chini ya maji, narudia. Mpwa wangu, sogeza kamera hapa waone vidole vyangu: chupa imelala, mdomo unatazama katikati ya tangi, nami nairudisha nyuma polepole ili mnyama abaki mahali alipo. Simmwagi, naiondoa chupa kumzunguka. Huyo ametoka. Wa pili...

Samahani, umeme umekatika. Tunaendelea kwa tochi ya simu, kwa sababu jambo hili ni bora mlione kuliko nilikate. Pampu imesimama, na mnaona wameanza kuzama wakilundikana chini. Kwa dakika chache nazungusha maji kwa mwiko huu, ambao haujawahi kugusa bugali, nikiuzamisha kwanza na kuutikisa ili mapovu yaliyoganda kwenye mti yatoke. Mnaona? Hata kwenye mwiko, hewa ile ile. Pampu hii ni ya volti 5, kwa hiyo mpwa wangu anaiunganisha na betri ya kuchajia simu, na tangi nalizungushia blanketi lisipoe. Imewaka. Subirini mpaka wazunguke tena. Mzunguko mmoja wa taratibu, kama nusu dakika, ndio ninaoupenda. Wakikimbia mbio, punguzeni nguvu ya pampu.

Chakula. Natumia vifaranga vya uduvi wa maji ya chumvi, ambao mayai yao makavu huuzwa na wafugaji wa samaki. Gramu 25 za chumvi kwa lita moja ya maji, joto, mapovu mengi, na baada ya siku moja wanaanguliwa. Mapovu hayo ni katika chupa ya kuangulia peke yake, msije mkanielewa vibaya. Vichujeni kwa kitambaa laini, visuuzeni kwa maji ya ziwa ili chumvi isiingie kwenye tangi, kisha vidondosheni kwa bomba la sindano, matone machache mbele ya kila mnyama, na ncha ya sindano ikiwa ndani ya maji. Tazameni huyu wa kulia: mikono yake imejikunja, na punde katikati ya mwavuli patakuwa na doa la rangi ya machungwa. Doa hilo likionekana, ameshiba. Mabaki nayafyonza baada ya saa moja.

Na huyu hapa, karibu na kioo, ana kitu cha ajabu kwenye ukingo wa mdomo. Ni chipukizi, yaani yavuyavu mdogo anayeota juu ya mama yake. Sikutarajia kuwaonyesha leo. Hata hivyo wasidanganyike wanaodhani watakaa nao miaka. Aliyeishi kwangu siku nyingi zaidi alifikisha siku 19, kwa hiyo chukueni wachache, watatu au wanne, msijaze chupa kwa tamaa.

Kila siku nne naondoa lita mbili na kurudisha lita mbili za bidoni, zikiwa zimepashwa moto sawa na tangi, kwa mpira mwembamba unaofika ndani ya maji. Maji niliyoyatoa hayaendi Kivu. Sambaza wetu waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na leo tunawala kila wiki, lakini hiyo haimpi mtu ruhusa ya kumimina mnyama mwingine ziwani kwa sababu tu amechoka kumlisha. Ndoo hii, na kila kilichomo, naimwaga kwenye shina la mgomba nyuma ya nyumba, mbali na mfereji unaoshuka ziwani.